Sinthesaiza ya Modula Ukiwa Lamu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kompyuta Hadi Sanduku la Mbao

Kabla hujaagiza chochote ng'ambo, jua kwanza unanunua nini. Sinthesaiza ya kawaida huja imekamilika, ina kibodi na sauti zilizopangwa kiwandani, unabonyeza, inalia. Ya modula huja vipande vipande. Modula moja inatoa sauti, ya pili inaichuja, ya tatu inaamua sauti itoke lini na kwa nguvu gani, na kazi ya kuziunganisha kwa waya ni yako. Usipochomeka waya, hakuna kinacholia. Ni ghali, inakula nafasi, na haihifadhi ulichokijenga jana. Ukichomoa waya, wimbo umekwenda.

Kwa nini basi mtu wa Lamu ajisumbue? Jibu langu ni noti. Kibodi inayopigwa harusini siku hizi imegawanya oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu, katika sehemu 12 sawa, basi. Sikiliza rekodi za Zein l'Abdin, fundi wa udi mzaliwa wa hapa Lamu, utasikia vidole vikitua mahali ambapo kibodi haina kitufe. Zipo kibodi zilizotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu zenye swichi za robo toni, lakini nyingi tunazokutana nazo mitaani hazina. Kwenye modula, noti ni volti tu, na volti haina ngazi mpaka wewe uiwekee. Mwongozo huu basi una lengo moja: kukufikisha kwenye mtambo mdogo unaoweza kupiga Rast, ngazi ya noti (maqam) ya muziki wa Kiarabu, inavyopigwa, juu ya mapigo ya sita ya chakacha. Ukitaka teknoo ya Berlin, mtambo huohuo utakupa, ila hapa hatuendi huko.

Vipimo vya kukariri

Mitambo ya kwanza ya namna hii ilijengwa Marekani miaka ya 1960, na Robert Moog upande wa New York na Don Buchla upande wa California, kila mmoja kivyake. Moog alikubali kibodi ya piano. Buchla hakuipenda, akaweka mabamba ya kugusa kwa vidole, akisema kwa vitendo kwamba chombo kipya hakina haja ya kurithi vitufe vya zamani. Kwa muziki wetu, mimi niko upande wa Buchla.

Umbo linalouzwa zaidi leo linaitwa Eurorack, na lilianzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990 kwa mfumo wake wa A-100. Uso wa modula una urefu wa milimita 128.5. Upana hupimwa kwa HP, na HP 1 ni milimita 5.08. Umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi, na modula chache huhitaji volti 5 pia. Waya za kuunganishia zina jeki za mono za milimita 3.5. La muhimu kuliko yote: ukipandisha volti 1, noti inapanda oktava 1. Hesabu ya Rast itatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: kompyuta, bila gharama

Pakua VCV Rack. Ni programu iliyotoka mwaka 2017, toleo la msingi ni la bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inaiga Eurorack kwenye skrini, waya kwa waya. Ipakue ukiwa mahali penye mtandao wa uhakika. Ukishaiweka haihitaji intaneti kupigwa.

Fungua ukurasa mtupu, weka modula hizi: VCO inayotoa sauti, VCF ambayo ni filta, VCA inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti, ADSR inayoiamrisha VCA, SEQ 3 ambayo ni sikwensa, yaani inapanga noti zifuatane, na AUDIO inayopeleka sauti kwenye spika. Sasa unganisha. Toa wimbi la msumeno, limeandikwa SAW, kutoka VCO hadi VCF. Kutoka tundu la LPF la filta nenda VCA, kutoka VCA nenda AUDIO, tundu la 1 na la 2. Hiyo ndiyo njia ya sauti. Njia ya amri, yaani ya volti zinazoongoza modula (CV), ni tofauti: CV 1 ya SEQ 3 inaingia V/OCT ya VCO, kichocheo cha SEQ 3 kinaingia GATE ya ADSR, na ENV ya ADSR inaingia CV ya VCA. VCA ni mlango, na ADSR ndiyo mkono unaoufungua na kuufunga kila pigo. Wanaoanza wengi husahau mlango huu, kisha hushangaa kwa nini sauti inavuma mfululizo kama jenereta.

SEQ 3 ina hatua 8 kwa kila safu. Rast kutoka do hadi do ya juu ina noti 8. Bofya kila kitufe cha safu ya kwanza kwa upande wa kulia wa panya na uandike thamani yake, ukifuata mpangilio huu:

0
0.167
0.292
0.417
0.583
0.75
0.875
1

Hesabu yake ni hii: nusu toni ni volti 1 gawanya kwa 12, yaani takriban 0.083, na robo toni ni nusu ya hapo, takriban 0.042. Noti ya tatu ya Rast iko nusu toni tatu na robo toni moja juu ya do, ndiyo maana ni 0.292. Ya saba iko nusu toni kumi na robo moja juu, 0.875.

Acha mtambo uzunguke polepole. Kisha nenda kwenye noti ya tatu tu, uandike 0.333. Hiyo ni mi ya kibodi, na utaona muziki umehamia kanisani. Andika 0.25, umekuwa wa huzuni. Rudisha 0.292. Masikio yaliyokulia hapa yatajua yamefika nyumbani bila kuambiwa. Fanya zoezi hili hata kama una haraka, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha kama modula ni yako au utosheke na kibodi.

Usiichukulie 0.292 kuwa amri, hata hivyo. Wapiga udi hawaiweki noti hiyo mahali pamoja siku zote. Wapo wanaoipandisha kidogo, na wakishuka wengi huiteremsha ile ya saba kutoka 0.875 hadi 0.833. Jaribu 0.285, jaribu 0.3. Weka rekodi ya mzee unayempenda kando, upige pamoja naye, sikio liamue.

Hatua ya pili: mapigo ya sita

Hapa ndipo mashine inapofanya kazi ambayo mikono ya mpigaji mmoja hupata tabu nayo. Tafuta kwenye maktaba ya VCV saa ya mapigo na kigawa mapigo. Vipo vingi vya bure. Panga saa itoe mapigo 6 kwa kila mzunguko. Mapigo yote 6 yapeleke kwenye sauti nyepesi ya juu. Yaliyogawanywa kwa 2 yatatoa mapigo 3 kwa mzunguko, yaliyogawanywa kwa 3 yatatoa 2. Tatu dhidi ya mbili, zote zikikutana kwenye pigo la kwanza. Mguu wa mchezaji unafuata mbili, kiuno kinafuata tatu.

Sauti zenyewe zijenge hivi. Kwa kitu kinachokaribia kayamba, chukua kelele nyeupe, ipitishe kwenye VCA yenye ADSR fupi sana, Decay chini, Sustain sifuri. Kwa ngoma nzito chukua VCO nyingine, tumia wimbi la SIN, kisha tuma ADSR fupi kwenye VCA yake na kwenye noti yake kwa pamoja, ili sauti ianze juu na kudondoka chini mara moja. Mdondoko huo ndio unaoipa ngozi. Ukidondoka polepole inakuwa king'ora.

Itasikika kavu, kama saa ya ukutani. Dawa ni volti ya kubahatisha, kidogo tu, iingie kwenye nguvu ya kila pigo la kayamba. Usiipeleke kwenye muda wa mapigo. Wapigaji wetu hubadilisha nguvu ya kofi, ila wakati hawaupotezi.

Kaa kwenye kompyuta mpaka uweze kujenga yote haya kutoka ukurasa mtupu bila kufungua video. Wengine wataishia hapa na watakuwa wamefanya jambo la maana. Hakuna aibu yoyote kupiga muziki kwa VCV Rack peke yake.

Hatua ya tatu: umeme kabla ya modula

Ukiamua kununua vifaa vya kushika, cha kwanza ni saplai ya umeme, kitu kisichopigwa picha na mtu yeyote. Kila modula huandikwa inakula miliampia ngapi kwenye +12 na ngapi kwenye -12. Jumlisha kila upande peke yake, kisha ongeza theluthi. Tuseme modula sita zinakula jumla ya miliampia 350 upande wa chanya. Ongeza theluthi, inakaribia 470. Tafuta saplai ya 500 au zaidi. Saplai inayofanya kazi kwenye ukomo wake hupata joto, na Lamu ina joto la kutosha tayari.

Stima yetu ni volti 240, hertz 50, plagi ya pini tatu za mraba. Adapta nyingi za nje zimeandikwa 100–240, hizo hazina tatizo. Stima ikikatika, chomoa adapta ukutani, usirudishe mpaka umeme umerudi na kutulia, kwa sababu mshtuko wa kurudi ndio unaoua vifaa. Anayetumia sola ajue kwamba betri ya volti 12 haikupi -12. Njia rahisi ni inveta, lakini iwe ya wimbi safi, la sivyo utasikia mlio wake ndani ya kila noti.

Halafu mstari mwekundu. Waya bapa unaopeleka umeme kwenye modula una mstari mwekundu ukingoni, na mstari huo ni upande wa -12. Nyuma ya modula tafuta palipoandikwa -12 au RED, au palipochorwa mstari, ulinganishe. Zima umeme kabisa kwanza. Modula nyingi za sasa zina kinga, lakini nyingine hazina, na ukiigeuza waya utanusa harufu yake kabla hujaona moshi.

Hatua ya nne: sanduku

Hapa Lamu tuna bahati ambayo mtu wa Nairobi atailipia ghali. Seremala anayechonga milango na makasha hatahangaishwa na sanduku la modula, mradi umpelekee vipimo sahihi. Safu ya HP 84 inahitaji upana wa ndani wa milimita 427. Ya HP 104 ni milimita 528 na kitu. Modula hufungwa kwa skrubu ndogo kwenye reli mbili, na kutoka kitovu cha tundu la juu hadi kitovu cha tundu la chini ni milimita 122.5. Reli zenyewe agiza za kweli. Mafundi wa aluminiamu wa madirisha wanaweza kukukatia kitu kinachofanana, lakini kosa la milimita moja linatosha kufanya skrubu zikatae. Mwachie seremala mbao, na mbao ziwe kavu. Mbambakofi ni nzuri ila ni nzito. Kama utabebabeba, tumia kitu chepesi.

Kina cha ndani kisipungue milimita 70, waya bapa huhitaji nafasi ya kujikunja. Nyuma toboa matundu ya hewa uyazibe kwa wavu wa mbu, maana mijusi wanapenda mahali penye joto.

Hatua ya tano: modula zenyewe

Nitasema wazi: watu hununua VCO tatu na VCA moja, na inatakiwa iwe kinyume. Kwa lengo letu, anza na chanzo kimoja cha sauti, filta moja, VCA mbili au zaidi kwenye modula moja, bahasha mbili, yaani modula za kuufungua na kuufunga mlango wa VCA, za aina ya ADSR au fupi zaidi, sikwensa, kigawa mapigo, na modula ya kupunguza na kugeuza volti. Usiidharau hiyo ya mwisho. Ndiyo inayogeuza mtikisiko mkali kuwa mtetemo mdogo wa sauti ya mwimbaji.

Kwa chanzo cha sauti, Plaits ya Mutable Instruments ni pa kuanzia pazuri. Ina HP 12 na ilitoka na aina 16 za sauti, pamoja na ngoma. Kampuni hiyo ya Émilie Gillet wa Ufaransa ilifunga shughuli mwaka 2022, lakini michoro ya modula zake ilikuwa wazi kwa wote, hivyo wajenzi wengine wanaendelea kuzitengeneza kihalali, mara nyingi kwa umbo dogo zaidi.

Kwenye sikwensa kuwa mkali. Uliza kabla ya kulipa: inaweza kutoa volti huru, au inalazimisha noti kwenye nusu toni? Nyingi hulazimisha. Ukinunua ya kulazimisha isiyozimika, Rast yako imekwisha kabla haijaanza. Sikwensa za zamani za analogi, zenye vitufe vya kuzungusha tu, mara nyingi zinatufaa kuliko za kisasa zenye skrini.

Mawimbi ya Eurorack ni makubwa, hufika volti 10 kutoka kilele hadi kilele. Mikseta ya harusini haikutarajia hayo. Nunua modula ya kutolea sauti, au punguza kwa VCA kabla ya kuchomeka.

Mzigo ukifika Kenya unatozwa ushuru, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Ulizia kwa wakala wa forodha mapema, na kama mpo wawili watatu, agizeni pamoja kugawana nauli. Malindi mzigo hufika kwa barabara mpaka mlangoni na tuktuk. Lamu kuna boti kutoka Mokowe, kisha mkokoteni au punda, kwa hiyo funga kila kitu ndani ya plastiki mbili na uibebe modula mkononi mwenyewe.

Njia ya mkato: chipu moja

Bei zikikushinda, mtazame Brian Bamanya wa Uganda, anayejulikana kama Afrorack, aliyejijengea modula zake kwa sababu kuagiza kulikuwa ghali mno, akafika kupiga nazo majukwaani ng'ambo. Na wewe anza na chipu ya 40106, ambayo fundi wa redio anaweza kukuagizia kwa bei ndogo.

Weka chipu kwenye bredibodi, ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu. Betri ya volti 9: chanya pini ya 14, hasi pini ya 7. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kutoka pini ya 1 kwenda hasi. Rezista ya kiloohm 10 ifuatane na volyumu ya kiloohm 100, kutoka pini ya 2 kurudi pini ya 1. Pini za 3, 5, 9, 11 na 13 zipeleke hasi zisicheze ovyo. Sauti inatoka pini ya 2, lakini usiipeleke moja kwa moja kwenye spika yenye ampu: ipitishe kapasita ya mikrofaradi 1, kisha rezista ya kiloohm 100, na baada ya hapo rezista ya kiloohm 10 kwenda hasi. Hapo katikati ya rezista mbili ndipo unapochukulia sauti. Zungusha volyumu, utatoka takriban hertz 110 hadi zaidi ya 1000. Ndani ya chipu kuna saketi nyingine tano kama hiyo uliyotumia, hivyo ukishaelewa moja unaweza kujenga sita zinazogombana. Haitafuata volti 1 kwa oktava, na haitabaki kwenye toni. Kwa shilingi zake, ni mwalimu mzuri.

Chumvi

Hewa ya bahari hula matundu ya jeki na vitufe vya kuzungusha, na Kusi likivuma unyevu huingia hadi ndani ya kabati. Usiegemeze sanduku kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta huo hutoa maji. Weka vifuko vya silika ndani, vikaushe kwenye jua vikilowa kama ni vya aina hiyo. Funika kwa leso nzito mtambo usipotumika. Uwashe angalau mara moja kwa wiki hata kama hupigi, joto lake lenyewe hufukuza unyevu, na zungusha kila kitufe, chomeka na kuchomoa kila tundu. Kitufe kikianza kukwaruza, dawa ya kusafishia kontakti itakisaidia. Mafuta ya mashine yatakimaliza.

Watu

Vichochoro vyetu ni vyembamba na ukuta wa jirani ni ukuta wako. Fanyia mazoezi kwenye hedifoni, na adhana ikianza zima. Ukitaka kurekodi matari ya Maulidi au vugo la kina mama ili uyachanganye kwenye kazi yako, omba ruhusa kwanza na useme waziwazi utayatumia wapi. Mengine hutaruhusiwa, na adhana yenyewe usiiguse.

Fundi wa redio wa mtaani ni rafiki wa kumtafuta mapema kuliko mpenzi mwenzako wa modula, kwa sababu huyo ndiye mwenye chuma cha kulehemu na tesita. Nairobi kuna Santuri, wanaofundisha muziki wa elektroniki na kuwakutanisha watu wa fani. Mwisho wa mwaka, Kilifi hufanyika tamasha la Beneath the Baobabs, na ni karibu na Malindi. Nenda ukazungumze na wanaopiga baada ya kushuka jukwaani.

Siku utakapoalikwa kupiga na kundi la taarab, fika mapema uwashe mtambo nusu saa kabla, kwa kuwa VCO ya analogi husogea toni mpaka ipate joto. Usimwombe mwenye udi akufuate wewe. Mwache apange nyuzi zake, akupe do, nawe uzungushe kitufe kimoja. Na kama kuna ganuni, mfuate mwenye ganuni, ana nyuzi nyingi za kugeuza na hatakuwa na subira.